Pete mguuni mwa ndege wa majini: maana yake, na kwa nini wawindaji huitafuta

Mvua zinaposhika katikati ya Tanzania, kati ya Desemba na Aprili, ardhi ambayo miezi mingine huwa kavu hugeuka kuwa makazi ya ndege wengi wa majini. Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950 nje ya mji wa Dodoma, ardhioevu ya Bahi inayopokea maji ya Mto Bubu, Bwawa la Mtera mpakani mwa Dodoma na Iringa, pamoja na maziwa ya Singidani, Kindai na Kitangiri mkoani Singida, hupokea bata mwitu, bata bukini, korongo, mwari na heroe. Katika majira hayo huibuka tena swali linalozunguka vijiweni mwa wavuvi na katika makundi ya WhatsApp: mtu amemkuta ndege aliyevaa kipande cha chuma mguuni, chenye herufi, namba na mara nyingi jina la mji wa mbali. Picha husambaa, na kila anayeipokea huongeza maelezo yake. Mmoja husema ndege huyo ametumwa na mganga, mwingine husema ni jasusi wa nchi ya kigeni, na mwingine husema chuma hicho ni madini adimu ambayo ubalozi fulani huyanunua kwa mamilioni ya shilingi.

Mkanganyiko huzidi pale watu wanapoona picha za wawindaji wa Marekani waliovaa shingoni kamba zilizopangwa vipande hivyohivyo, bila kuficha fahari yao. Ikiwa pete ni kitu cha kutisha, mbona wenzetu wanaitafuta? Na ikiwa ina thamani ya fedha, mbona haina bei inayojulikana? Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni kwamba pete ya ndege ni nusu ya taarifa. Nusu ya kwanza iko katika rejesta ya aliyeivisha, na nusu ya pili iko mikononi mwa mvuvi, mchungaji au mwindaji aliyemkuta ndege huyo.

Pete ni nini hasa

Pete ya ndege ni bangili ndogo ya metali inayofungwa kuzunguka mguu kwa koleo maalumu, ikiachiwa nafasi ya kutosha kuzunguka bila kubana wala kuvuka kifundo. Nyingi hutengenezwa kwa alumini kwa sababu ni nyepesi. Kwa ndege wanaoishi kwenye maji ya chumvi au ya magadi, ambayo huila alumini, hutumika chuma cha pua au metali nyingine ngumu zaidi. Pete hubeba mambo mawili tu: namba ambayo ni ya ndege huyo peke yake, na jina au anwani ya kituo kilichoitoa. Haina betri, haina waya, haina kamera, wala haitoi mawimbi ya aina yoyote.

Kuvisha pete ni kazi ya watu waliofunzwa na wenye kibali. Humnasa ndege kwa wavu mwembamba au kwa kizimba chenye chambo. Kwa bata, wengine husubiri kipindi cha kunyonyoka, kwa kuwa bata hupoteza manyoya yote makubwa ya mbawa kwa wakati mmoja na kwa muda wa wiki tatu au nne hawezi kuruka, hivyo huweza kuswagwa taratibu kwa mitumbwi hadi ndani ya uzio wa nyavu. Ndege hutambuliwa aina yake, jinsia yake na umri wake kadiri inavyowezekana, hupimwa uzito, huvishwa pete, kisha huachiwa. Kinachobaki ni mstari mmoja katika rejesta: namba, aina, mahali na tarehe.

Tangu hapo mvishaji hana njia ya kujua ndege wake ameelekea wapi, mpaka siku ambayo mtu mwingine, pengine maelfu ya kilomita kutoka hapo, ataisoma namba ile na kuituma. Siku hiyo hujulikana mahali ndege alipoanzia, mahali alipofika na muda uliopita katikati. Miongoni mwa ndege wadogo kama mbayuwayu, wanaopatikana tena baada ya kuachiwa huwa chini ya mmoja kati ya mia. Kwa bata wanaowindwa kwa wingi idadi hiyo hupanda, kwa sababu wengi huishia mikononi mwa watu. Ndiyo maana kazi hii haijawahi kuendeshwa na wanasayansi peke yao. Tangu mwanzo imemtegemea mtu wa kawaida aliye karibu na maji.

Vitu viwili vingine huchanganywa na pete hii. Cha kwanza ni pete ya mfugaji: njiwa wa mashindano huvishwa wakiwa makinda pete nzima isiyo na mwanya, na njiwa wa namna hiyo ni wa mtu binafsi. Cha pili ni kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti, ambacho hufungwa mgongoni na mara nyingi huwa na kipande kidogo cha sola. Baadhi ya tumbusi wa eneo la Ruaha, kusini-magharibi mwa Mtera, wamefungwa vifaa hivyo ili ijulikane wanakula wapi na wanafia wapi. Kifaa hicho ndicho chenye kutoa mawimbi, na kazi yake ni kueleza mahali ndege alipo.

Mkuki uliofika Ujerumani

Kabla ya pete, watu wa Ulaya hawakujua kwa hakika ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Kwa karne nyingi wapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu huzama katika tope la maziwa na kulala humo hadi joto lirudi, na katika karne ya 17 Mwingereza Charles Morton aliandika kwamba ndege huhamia mwezini. Ushahidi wa kushikika haukutoka maktabani. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wenye urefu wa takriban sentimita 80 uliopenya shingoni mwake, na mti wa mkuki huo ulikuwa wa Afrika. Korongo huyo alichomwa huku barani kwetu, akanusurika, akarudi Ulaya na mkuki ukiwa mwilini. Amekaushwa na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo.

Napenda jambo hili lijulikane zaidi kuliko linavyojulikana. Alama iliyowathibitishia Wazungu kwamba korongo wao huishi Afrika sehemu ya mwaka iliwekwa na mkono wa mwindaji wa Kiafrika, ambaye hakupata kujua kwamba mkuki wake ulisafiri umbali huo.

Pete zenyewe zilianza kutumika kwa utaratibu mwaka 1899, pale mwalimu wa Denmark aliyeitwa Hans Christian Cornelius Mortensen, katika mji wa Viborg, alipovisha kwezi 165 pete za alumini zenye namba na anwani. Alikwishajaribu zinki kabla ya hapo na kuona kwamba ni nzito mno. Uingereza ilianza mwaka 1909, na haikuchukua muda kabla ya jambo la kushangaza kutokea: mbayuwayu aliyevishwa pete huko Staffordshire mwezi Mei 1911 alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Ndege wa takriban gramu 20 alikuwa amevuka bara zima la Afrika. Taarifa hiyo ilifika kwa barua iliyotumwa na mtu wa kawaida wa huko, ambaye hakuwa mtaalamu wa ndege.

Kwa nini mwindaji wa Marekani huitamani

Katika Marekani na Kanada, uwindaji wa bata na bata bukini una sheria kali na mashabiki wengi. Ndege wa nchi hizo wanalindwa na mkataba wa ndege wahamao wa mwaka 1916, uliotungiwa sheria nchini Marekani mwaka 1918. Mwindaji hukata leseni, huwinda katika msimu uliotangazwa, na huruhusiwa idadi maalumu ya ndege kwa siku. Huamka kabla ya mapambazuko, hujificha kwenye matete karibu na maji, hutandaza bata bandia juu ya maji ili walio angani wadhani pana usalama, na huwaita kwa filimbi inayoiga sauti yao. Akimpiga bata kwa bunduki ya marisau, mara nyingi ni mbwa wake anayemleta. Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya wakimshika bata huyo ni kutazama miguu.

Pete zinazowafikia hutolewa na maabara ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1920, ambayo ipo jimboni Maryland. Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya joto na kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa, bata wengi hunaswa na kuvishwa pete katika maeneo wanakozaliana. Mwindaji anayeipata pete huituma namba yake, na baada ya muda hupokea cheti kinachomweleza bata yule alikuwa wa aina gani, alivishwa wapi, lini na nani, na alikuwa na umri gani wakati huo. Mtu aliyempiga bata kwenye mashamba ya mpunga ya Arkansas hugundua kwamba ndege huyo alivishwa akiwa bado kinda kwenye nyanda za Saskatchewan, Kanada, au kwamba amekwepa bunduki misimu mingi kabla ya kufika kwake. Hapo bata aliyekuwa nyama ya jioni moja huwa na historia, na mwindaji hujiona kuwa sehemu ya historia hiyo. Kwa kuwa wengi hupita msimu mzima, na wengine misimu kadhaa, bila kuiona hata moja, pete huwa kumbukumbu adimu, na huvaliwa kwenye kamba ileile inayobeba filimbi.

Namwelewa mwindaji huyo, na ninadhani furaha yake ni ya kweli. Hata hivyo, furaha hiyo ina upande unaopaswa kusemwa. Wapo wanaozinunua pete na kuziuza kama mapambo, na wapo wanaochagua kumlenga ndege mwenye pete kati ya kundi. Mambo hayo si kosa dogo la adabu. Yanaharibu hesabu ambayo pete iliwekwa kwa ajili yake, na uharibifu huo utaonekana mara tutakapoielewa hesabu yenyewe.

Hesabu iliyo nyuma ya pete

Chukua ndoo ya karanga ambayo hujui ina punje ngapi. Toa punje 100, uzipake rangi, uzirudishe na uchanganye vizuri. Kisha chota punje 200 bila kuchagua. Ukikuta 5 zenye rangi, maana yake ni kwamba katika kila punje 40 ulizochota, moja ina rangi. Na kwa kuwa umepaka rangi punje 100 kwa jumla, ndoo ina takriban punje 4,000. Hujazihesabu moja moja, lakini umeikaribia idadi yake kwa kiasi cha kutosha kufanya uamuzi.

Frederick Lincoln, aliyesimamia kazi ya pete nchini Marekani katika miongo ya mwanzo, alitumia wazo hilohilo kwa bata. Ukijua umevisha bata wangapi, wangapi kati yao wamepigwa, na wawindaji wamepiga bata wangapi kwa jumla, unaweza kukadiria bata wote waliopo. Kutokana na mistari iliyounganisha mahali pa kuvisha na mahali pa kupatikana, Lincoln alieleza pia njia kuu nne ambazo ndege wa Amerika ya Kaskazini huzifuata kila mwaka kwenda kusini na kurudi. Hadi leo, idadi ya bata ambayo mwindaji anaruhusiwa kuchukua kwa siku katika kila njia hupangwa kwa kutumia taarifa za pete pamoja na hesabu zinazofanywa kutoka angani kwa eropleni.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapochagua. Mchotaji akitafuta punje zenye rangi kwa makusudi, ndoo itaonekana kuwa na karanga chache kuliko zilizomo. Akizificha zile zenye rangi na kutozitaja, ndoo itaonekana kuwa na karanga nyingi kuliko zilizomo, na hilo ni baya zaidi kwa bata, kwa sababu serikali inayodhani ina bata wengi huruhusu wengi zaidi wapigwe. Pete iliyofichwa kabatini humdhuru bata kuliko pete ambayo haikuwahi kuvishwa.

Ili kujua ni wawindaji wangapi huripoti kwa uaminifu, Wamarekani waliweka zawadi ya fedha, hata kufikia dola 100, kwenye pete chache zilizoandikwa hivyo waziwazi. Kwa kuwa karibu kila mtu huripoti pete yenye zawadi, tofauti kati yake na pete ya kawaida huonyesha ni wangapi hunyamaza. Nadhani uvumi wa mamilioni unaosikika huku kwetu una mzizi wake hapo: habari ya kweli kutoka Marekani iliyopoteza masharti yake njiani. Pete za Ulaya na za Afrika kwa kawaida hazina malipo, na metali yake ni alumini au chuma cha pua, ambavyo kwa ukubwa huo havina thamani sokoni.

Ndege wetu hutoka wapi, na huenda wapi

Ndege wanaoonekana Hombolo, Bahi au Kindai ni wa makundi tofauti, na pete zao husema lugha tofauti.

Wapo wanaotoka Ulaya na Asia na kukaa nasi takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili. Korongo mweupe hushuka kupitia Uturuki, Mashariki ya Kati na bonde la Nile, kwa sababu huelea juu ya hewa moto inayopanda kutoka nchi kavu na hivyo huepuka kuvuka bahari pana. Miongoni mwa bata wapo wale wadogo ambao dume lao lina mstari mweupe juu ya jicho, wanaozaliana kuanzia Ulaya hadi Siberia, na wapo wenye mkia mrefu uliochongoka. Ndege wa kundi hili wanaweza kuwa na pete zilizoandikwa Moskwa, Helsinki, Radolfzell au Gdansk. Majina hayo ni ya vituo vya pete. Hayasemi kwamba ndege ni mali ya nchi hiyo, wala kwamba alizaliwa katika mji huo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, pete nyingi hutoka Nairobi. Kituo mashuhuri zaidi ni Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 ndege wahamao wanaovutwa na taa katika usiku wa ukungu mwishoni mwa mwaka hunaswa, huvishwa pete na kuachiwa, wengi wao wakiwa ndege wadogo wa vichakani. Kutoka kusini huja pete za mpango wa Afrika Kusini uitwao SAFRING, ulio chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Zile za zamani ziliandikwa jina la bustani ya wanyama ya Pretoria.

Kundi ninalolijali zaidi ni la tatu, nalo ni bata wa Afrika wenyewe. Hawa hawafuati majira ya baridi na joto ya Ulaya, hufuata mvua. Bahi ikijaa huja, ikikauka huondoka, na mwaka wa mvua haba huenda wasionekane kabisa. Bata mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayejulikana sana kwenye mabwawa yetu, amevishwa pete kwa wingi huko Barberspan, Afrika Kusini, na pete hizo zimepatikana Namibia, Angola, Zambia na kwingineko. Bata mkubwa ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo amewashangaza watafiti zaidi: waliovishwa Zimbabwe wamepatikana hadi Chad na Sudan. Ukitazama ramani, utaona kwamba mtu anayetoka Zimbabwe kwenda Sudan anaweza kabisa kupita juu ya Singida na Dodoma. Mvuvi wa Mtera anayedhani bata yule ni wa bwawani kwake siku zote anaweza kuwa anamwona msafiri aliye katikati ya safari ambayo bado haijachorwa vizuri kwenye ramani yoyote.

Hofu ya ujasusi, ya uchawi na ya polisi

Hofu kwamba ndege mwenye pete ni jasusi si ya Watanzania peke yao. Mwaka 2011 tumbusi mwenye alama R65 na kifaa cha kufuatilia, aliyefanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Tel Aviv, alizuiliwa nchini Saudi Arabia kwa tuhuma za ujasusi kabla ya maofisa wa huko kueleza kwamba ni utafiti wa kawaida. Mwaka 2013 mvuvi katika mkoa wa Qena, Misri, alimpeleka polisi korongo aliyekuwa na kifaa mgongoni; daktari wa mifugo alithibitisha kwamba hakikuwa bomu wala chombo cha kijasusi, korongo akaachiwa, kisha akakamatwa na kuliwa. Nchi yenye kutaka kupeleleza ina njia bora kuliko ndege anayekwenda kule mvua inakompeleka, na pete isiyo na umeme haiwezi kutuma neno lolote hata kwa kijiji cha pili.

Kuhusu uchawi, nitasema tu kwamba pete zenye namba zinazofuatana na jina la makumbusho hutengenezwa kiwandani kwa maelfu, na kila moja inaweza kufuatiliwa hadi kwa mtu aliyeivisha. Mwanzoni mwa mwaka 2023, huko Siaya nchini Kenya, wakazi walimkuta ndege mkubwa mla samaki aliyenasa kwenye wavu, dhaifu kwa njaa, mwenye pete ya Makumbusho ya Helsinki. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000 kutoka Finland. Walimkabidhi kwa maofisa wa wanyamapori, na ingawa alikufa baadaye, safari yake ilijulikana kwa sababu waliomkuta hawakumwogopa.

Hofu ya kukamatwa ina msingi zaidi, kwa hiyo inastahili maelezo kamili. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ndege wa porini ni wanyamapori na ni mali ya umma. Kuwawinda bata mwitu bila leseni ni kosa, awe na pete au asiwe nayo, na ni kosa pia kutumia sumu na mitego iliyokatazwa. Tanzania imejiunga vilevile na makubaliano ya kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, yaliyotiwa saini The Hague mwaka 1995. Pete haimhalalishi ndege kuwindwa, wala haimfanyi kuwa haramu zaidi. Mtu aliyemkuta ndege amekufa ufukweni, au amenasa kwenye wavu wa samaki kwa bahati mbaya, na akatoa taarifa ya pete, anatoa msaada.

Makubaliano hayo ya The Hague yanagusa pia marisau ya risasi, yaani punje za bunduki zilizotengenezwa kwa metali iitwayo risasi. Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula kwenye firigisi, na punje za risasi zilizobaki chini ya maji humezwa pamoja na vijiwe hivyo, zikamtia sumu polepole. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Mwenye leseni anayewinda kwenye mabwawa ya kwetu, ambayo watu na mifugo huyatumia pia, anapaswa kutumia marisau ya chuma.

Ukimkuta ndege mwenye pete

Ikiwa ndege yu hai na ana nguvu, usiivue pete. Piga picha za karibu kutoka pande zote za pete mpaka kila herufi na kila namba isomeke, kisha mwachie. Pete ya rangi ya plastiki, ikiwapo, ipigwe picha pia, na iandikwe iko mguu gani, wa kulia au wa kushoto. Ikiwa ndege amejeruhiwa, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya. Ikiwa amekufa, usimshike kwa mikono mitupu, kwa sababu ndege wa majini wanaweza kubeba mafua ya ndege. Na kama wamekufa wengi mahali pamoja, usimle wala usimpe mbwa, kwa kuwa huenda wamekula sumu, bali toa taarifa mara moja.

Andika mambo manne: maandishi yote yaliyo kwenye pete bila kuacha hata nukta, mahali ulipomkuta pamoja na jina la kijiji na wilaya, tarehe, na hali ya ndege na namna alivyopatikana. Useme ukweli hata kama alipigwa bunduki au alinaswa, kwa sababu sababu ya kifo ni sehemu ya hesabu. Taarifa inaweza kupelekwa kwa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori yenye makao yake Arusha, au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mwenye intaneti anaweza pia kuituma mwenyewe kupitia tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya pete vya Ulaya, kwa pete za Ulaya, na ya SAFRING kwa pete za kusini mwa Afrika. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa kuwa lazima rejesta ya kituo husika itafutwe.

Pete za zamani zilizokaa nyumbani zinapokelewa vilevile. Zipo kaya ambazo pete ya babu mvuvi imetundikwa kwenye shanga au imetiwa kwenye ufunguo, na namba yake imesuguliwa mpaka haionekani vizuri. Usiikwangue wala usiipige nyundo, maana vituo vya pete vina njia ya kuirudisha namba iliyofutika juu ya alumini. Kama tarehe imesahaulika, taja mwaka unaokumbukwa na majira yake, kwa mfano kabla ya mavuno ya mtama au wakati Bahi ilipofurika, na utaje ziwa au bwawa alikopatikana.